Mvuta kiko na harufu asiyoisikia: dhana potofu na ukweli wake

Ukipita jioni kwenye vibaraza vya Mbalizi au Uyole, huku Mbeya, wakati wa baridi, mwezi wa sita au wa saba, hukosi kumkuta mzee aliyejitia ndani ya koti zito, kiko mdomoni. "Shikamoo babu. Kiko chako kinanukia hadi barabarani." Anaitikia marahaba, anashindilia tumbaku kwa kichwa cha msumari, anakisogeza kiko puani na kukunja uso: "Mbona mimi sisikii kitu?"

Analosema ni kweli, na wavuta kiko wengi wanalalamika hivyohivyo. Shida iko kwenye maelezo yanayofuata. Mengi si sahihi, na mawili kati yake yanawaumiza watu wanaolala nyumba moja na mvutaji.

"Pua yake imeshakufa"

Haijafa. Kazi kubwa ya pua ni kutujulisha kilichobadilika, kuliko kutukumbusha kilichokuwepo tangu asubuhi. Juu kabisa ndani ya pua kuna seli zenye vipokezi vya harufu, na binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi hivyo. Linda Buck na Richard Axel walichapisha ugunduzi wa jeni zake mwaka 1991, na mwaka 2004 wakapewa Tuzo ya Nobel. Chembe ya harufu ikinasa kwenye kipokezi, seli hupeleka taarifa kwenye ubongo. Chembe zilezile zikizidi kuja bila kukatika, seli hupunguza mwitikio, na ubongo nao huacha kuishughulikia taarifa hiyo ili uwe tayari kwa harufu ngeni. Dakika chache zinatosha. Ndivyo inavyomtokea anayepika mchele wa Kyela: jirani ananusa akiwa bado getini, mpishi aliyeinamia sufuria hasikii tena.

Kwa mvuta kiko hali ni nzito zaidi, kwa sababu moshi hauishi kiko kinapozimika. Umeingia kwenye masharubu, kwenye kofia, kwenye koti na blanketi. Anaamka nao. Hata akiwasha cha asubuhi, pua yake haijapata nafasi ya kupumzika. Mwache aende shambani bila lile koti, akae huko mpaka mchana, kisha arudi chumbani kwake: pumzi za mwanzo atainusa tumbaku yake vizuri tu, halafu itampotea tena. Hata Chunya, wanaochochea moto usiku kucha kwenye mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku ya mvuke, huizoea ile harufu tamu ya majani yanayokauka, ilhali mgeni huipokea kabla hajaliona bani lenyewe.

"Muuzaji kanichakachulia"

Hapa lawama huangukia watu wasio na kosa. Mzee alifungua kopo, likanukia vanila. Akawasha, vanila haipo. Basi kauziwa takataka.

Tumbaku za kiko zenye manukato, zile za kopo zinazotoka nje, kwa kawaida hutiwa viungo mara mbili. Kwanza majani huloweshwa kwa mchanganyiko wenye sukari, pengine na kakao. Mwishoni hunyunyiziwa manukato kama vanila, cheri au ramu. Hayo ya mwishoni ni mepesi kupaa, ndiyo maana yanakurukia puani kopo likifunguliwa, na ndiyo maana moto unayamaliza upesi. Kinachobaki ndani ya kiko ni jani linaloungua. Tumbaku ya moshi, ile ya upande wa Songea na Namtumbo, haihitaji manukato hayo: harufu yake inatokana na moshi wa kuni uliokaushia majani, kwa hiyo tofauti kati ya mkononi na mdomoni si kubwa kiasi hicho.

Lakini hata vanila ingebaki, mvutaji na jirani yake hawapokei moshi wa aina moja. Wa mvutaji unapita kwenye mrija ukiwa wa moto na mzito. Wa jirani umeshatawanyika hewani, umepoa, umekuwa mwepesi, na harufu nyingi hupendeza zikiwa nyepesi na kukera zikizidi. Isitoshe, moshi wa moto unaamsha mshipa wa fahamu unaopeleka hisia za uso na pua, uleule unaokutoa machozi ukikata vitunguu, na muwasho wake huifunika harufu. Ndiyo maana ushauri wa "vuta kwa nguvu utaisikia" unaharibu zaidi. Kaa linapata joto kali, ulimi unaungua, na harufu kidogo iliyokuwepo inatoweka.

Wengine wanadhani ulimi ndio unaoonja vanila. Ulimi unajua utamu, uchachu, chumvi, uchungu na ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama, basi. Vanila husikika puani, na ikiwa mdomoni hufika huko kwa kupanda nyuma ya koo. Mvuta kiko hushika moshi mdomoni na kuutoa kwa mdomo, hivyo kinachopanda ni kidogo. Ziba pua ule embe, utaona mwenyewe.

Na baridi ya Mbeya? Inachangia. Hewa ya baridi hupunguza chembe za harufu zinazopaa, na mafua huziba njia. Lakini jirani anayeinusa tumbaku hiyo yuko kwenye baridi ileile.

Lipo lililo kweli ndani ya ile dhana ya kwanza, na sitaki kulificha. Kuvuta kwa miaka mingi hudhoofisha uwezo wa kunusa, na kadiri mtu anavyovuta zaidi ndivyo unavyopungua. Seli za kunusa huzaliwa upya maishani, na wanaoacha hurudishiwa uwezo huo taratibu, pengine kwa miaka. Kwa hiyo tofautisha. Asiyesikia tumbaku yake tu, amezoea. Asiyesikia mafuta ya taa, vitunguu wala ugali unaoungua, hata baada ya siku nzima mbali na kiko, aende hospitali.

"Sisikii kitu, maana yake moshi umeisha"

Hii ndiyo inayonifanya niandike. Usiku wa baridi nyumba nyingi za Mbeya, Njombe na Makete hufunga madirisha, jiko la mkaa linaingizwa ndani, mjukuu anakaa karibu na babu kutafuta joto. Babu anawasha kiko. Baada ya muda anasema kwa moyo safi kwamba moshi umetoka, hasikii chochote. Hasemi uongo. Pua yake imeacha kumwambia.

Wengine huongeza kwamba moshi unaonukia vizuri hauna madhara. Vanila haiondoi nikotini wala lami. Kutoushusha mapafuni hakumwepushi mvutaji na saratani ya mdomo na koo, na mtoto aliye kando yake anapumua moshi huohuo mpaka ndani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango salama cha moshi wa tumbaku kwa asiyevuta. Ndani ya moshi huo pia mna kaboni monoksaidi, na gesi hiyo haina harufu kwa pua ya mtu yeyote, nzima au mbovu. Ndiyo hiyohiyo inayotoka kwenye jiko la mkaa.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama chumba kina moshi wa tumbaku, muulize anayeingia kutoka nje. Kiko kivutiwe barazani na mlango ufungwe, koti la kuvutia libaki kwenye msumari huko nje, na jiko la mkaa litolewe kabla watu hawajalala, hata kama hakuna anayesikia kitu.