"Bwana Yangu Hana Kitu": Enfeksio, Mirija na Utasa

Kauli inayonichosha kuliko zote katika chumba cha mashauriano hapa Bukavu ni hii: "Dokta, nipatie dawa mimi tu, bwana yangu hana kitu." Anayeisema mara nyingi ana kijitabu kimejaa ordonansi (karatasi za dawa) za enfeksio ile ile ya zinaa: sindano, vidonge, vidonge tena. Jina la bwana halimo. Ukiuliza yuko wapi, utaambiwa yuko Kamituga kwenye machimbo ya dhahabu, atarudi mwisho wa mwezi.

Hana kitu, au haoni kitu? Klamidia hukaa kwa wanaume wengi bila usaha wala mkojo kuuma. Sopisi (kisonono) hujitangaza zaidi, lakini mwanamume akishapigwa sindano moja mtaani na usaha ukakauka, amepona kwa hesabu yake, na nyumbani hasemi. Mama anameza doksisiklini siku 7, anapona kweli, kisha bwana anarudi na kumwambukiza upya. Hapo watu wanalaumu dawa, eti ni feki. (Feki zipo, hasa hizo za rangi mbili zinazouzwa kwa kuhesabu barabarani. Lakini mara nyingi kosa si lao.)

Kila mzunguko huo una bei yake. Bakteria hupanda kutoka shingo ya kizazi hadi kwenye mirija ya uzazi, ile inayopitisha yai, na uvimbe ukiisha huacha makovu. Huko Lund, Uswidi, wanawake waliougua enfeksio ya mirija walifuatiliwa kwa miaka, na matokeo yakachapishwa 1992. Waliougua mara moja, takriban 8 kati ya 100 walishindwa kupata mimba kwa sababu ya mirija. Mara mbili, karibu 20. Mara tatu au zaidi, 40. Sasa urudie kusoma kile kijitabu.

Kwa hiyo mimi naandika ordonansi mbili, hata kama bwana sijamwona, na hakuna kulala pamoja mpaka wote wawili wamalize zile siku 7. Bwana akikasirika, aje anikasirikie mimi. Na lile swali la nani ameleta ugonjwa, kipimo hakilijibu: klamidia inaweza kukaa kimya miezi mingi, pengine tangu kabla hamjaoana.

Kuna na kauli nyingine ninazozisikia. "PV yangu ni safi", yaani kile kipimo cha ute wa uke. Klamidia huishi ndani ya seli, na darubini ya kawaida haiioni. Inatakiwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya bakteria, ambayo maabara nyingi za mtaani hazina. Ndiyo maana tunatibu kwa dalili bila kungoja karatasi.

"Ekografi imeonyesha mirija iko wazi." Haikuonyesha. Ekografi (ultrasound) ya kawaida haioni mrija, labda uwe umejaa maji. Anayetaka kujua afanyiwe isterosalpingografi, ile radio (eksirei) ya kupitisha dawa kwenye kizazi.

"Ni tifoide." Tumbo la chini linauma, damu inatoka kati ya hedhi mbili, tendo la ndoa linaumiza, na mtu bado anashikilia Widal, kipimo cha damu cha tifoide! Apimwe kizazi kwanza.

Kujiosha ndani kwa ndimu, chumvi au sabuni huua bakteria wanaolinda uke. Acheni tu.

"Nimeshazaa, mirija yangu ni mizuri." Mimba ya 2019 ilipita katika mrija wa 2019. Enfeksio iliyokuja baadaye, au ile ya baada ya kujifungua au kutoa mimba, inaweza kuwa imeufunga. Wengi ninaowaona wanatafuta mtoto wa pili, si wa kwanza.

"Antibiotiki itafungua mirija." Inaua bakteria, kovu haiondoi. Na mrija ulioziba nusu unaweza kunasa mimba ikakulia humo. Hedhi ikichelewa na upande mmoja wa tumbo ukauma, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Mwisho ni yule bwana anayemtuma mkewe kupigwa radio peke yake, kwa kuwa yeye "ana watoto kule kwingine". Watoto wa zamani hawasemi lolote kuhusu mbegu za leo, na sopisi isiyotibiwa vizuri inaweza kuziba njia zake pia. Spermogramu, kipimo cha mbegu, haiumi, haina mionzi, na ni kikombe kimoja tu. Ifanywe kabla ya radio ya mama.