Kidonda Kisichotaka Kisu: Kuishi na Pioderma Gangrenosumu

Kidonda kinachotambaa na kukataa dawa, wengi wetu hukiita donda ndugu, na jambo la kwanza linalofanyika zahanati ni kukisafisha kwa nguvu: kukwangua, kukata nyama iliyokufa, na kurudia zoezi hilo hadi paonekane pekundu. Kwa vidonda vingi utaratibu huo ni sahihi. Upo hata hivyo ugonjwa mmoja adimu, pioderma gangrenosumu, ambao kila unapokatwa kidonda huweza kupanuka.

Jina lenyewe linapotosha. Madaktari wa Kliniki ya Mayo nchini Marekani waliolitoa mwaka 1930 walidhani kwamba ugonjwa huu unasababishwa na bakteria, ilhali leo tunajua kuwa ni kinga ya mwili iliyopoteza mwelekeo: chembe nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili hujaa kwenye ngozi na kuiharibu bila ya kuwepo adui wa kupigana naye. Kwa sababu hiyo hauambukizi, na anayelala kitanda kimoja na mgonjwa au kumfunga bandeji hana la kuogopa.

Huanza kama kijipu au uvimbe mdogo, mara nyingi mguuni, ambao mtu hudhani ameumwa na mdudu. Ndani ya siku chache hupasuka na kuwa kidonda chenye kingo za rangi ya zambarau zilizoinuka, huku uozo ukienda chini ya ngozi inayoonekana nzima. Maumivu yake ni makali kupita ukubwa wa kidonda. Dalili hiyo ina uzito kwetu, kwani kidonda cha Buruli, kilichopewa jina la eneo moja la Uganda, nacho huchimba chini ya kingo lakini kwa kawaida hakiumi sana.

Hakuna kipimo kimoja kinachothibitisha ugonjwa huu. Daktari huchukua kipande kidogo cha nyama ukingoni mwa kidonda, na msomaji makini atauliza mbona tumesema kisu kina madhara. Ni kweli, lakini kipande hicho ni kidogo, na bila hicho hatuwezi kuondoa shaka ya saratani, kifua kikuu cha ngozi au fangasi, magonjwa ambayo dawa za kushusha kinga zingeyachochea.

Kwa takribani nusu ya wagonjwa, kidonda ni mlango tu. Ndani kuna ugonjwa mwingine. Unaoongoza ni uvimbe sugu wa utumbo, yaani ugonjwa wa Crohn au kolitisi ya vidonda, ukifuatiwa na baridi yabisi na magonjwa ya damu, ikiwemo saratani yake. Ndiyo maana daktari wa ngozi atakuuliza maswali yanayoonekana hayahusiani na mguu: je, unaharisha kwa muda mrefu au kuona damu chooni, na je, viungo hukakamaa asubuhi? Mjibu bila haya. Ugonjwa wa tumbo unaweza kutangulia kidonda kwa miaka, au kuja baada yake.

Matibabu hutuliza kinga, kwa predinisoloni au siklosporini, na pale zinaposhindwa, sindano kama infliksimabu, ambazo bei yake kwa wengi wetu ni mzigo. Utafiti uliofanyika Uingereza na kutolewa mwaka 2015 uliona dawa hizo mbili za kwanza zikilingana: baada ya miezi 6, chini ya nusu ya wagonjwa walikuwa wamepona katika kila kundi. Uvumilivu basi ni sehemu ya tiba. Kabla ya kuanza, pimwa kifua kikuu na strongiloidi, yaani aina ya minyoo ya utumbo, na ukishaanza predinisoloni fuatilia sukari na shinikizo la damu, wala usiiache ghafla kwa kuwa kidonda kinaonekana kukauka.

Nyumbani, tumia bandeji isiyong'ang'ania kidonda. Epuka kuchanjwa chale, kuchora tatuu na kutoga, kwa kuwa jeraha dogo laweza kuzaa kidonda kipya; ukihitaji upasuaji wowote, mweleze daktari mapema ili dawa zipangwe kabla ya siku hiyo. Kidonda kikifunga huacha kovu jembamba lenye vitundu kama chujio, na ngozi ya hapo huchubuka upesi, kwa hiyo soksi ndefu au suruali wakati wa kulima na kukata kuni si anasa.