Je, wajua kwa nini leza huondoa doa la kinywani bila kuunguza nyama iliyo chini yake?

Ni kwa sababu ya maji. Ulimi, ufizi na mashavu kwa ndani ni nyama iliyojaa maji, na leza ya gesi ya kaboni dioksidi, aliyoibuni Kumar Patel nchini Marekani mwaka 1964, hutoa mwanga ambao maji huumeza mara moja. Wimbi lake lina urefu wa mikromita 10.6, hivyo jicho haliuoni. Mwanga wa jua hupenya glasi ya maji ukatokea upande wa pili, lakini huu huishia juu juu, hauzami hata kina cha unene wa unywele. Maji yaliyomo ndani ya seli huchemka papo hapo na kugeuka mvuke, nazo seli hupasuka na kutoweka. Joto linaloteremka chini ni kidogo, mradi daktari asiuache mwale ukakaa mahali pamoja.

Kwa kuwa mwale hauonekani, mashine huongezewa mwanga mwekundu wa kuonyesha unapolenga. Meno na sehemu nzima za kinywa hufunikwa kwa shashi iliyoloweshwa, na hapo maji yaleyale yanayoangamiza doa yanakuwa ngao.

Madoa yenyewe si saratani, ila yanaweza kugeuka kuwa saratani. Jeupe lisilofutika, ambalo daktari hakulipatia sababu nyingine, huitwa leukoplakia, na mengi ya aina hii hayafiki huko. Jekundu, erithroplakia, ni nadra zaidi na ndilo la kuogopwa, ingawa mara nyingi haliumi na kwa hiyo watu huishi nalo tu. Tumbaku na pombe zinajulikana kuwa chanzo. Huku pwani kuna na tambuu, na wengi huamini kwamba bila tumbaku ndani yake haina neno. Sivyo. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka popoo yenyewe, ile kokwa inayotafunwa ndani ya tambuu, katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani.

Kabla ya leza, kipande kidogo cha doa hukatwa kwa ganzi na kupimwa kwa hadubini. Kisha kuna njia mbili: kuligeuza doa lote mvuke, au kulikata kwa mwale na kulitoa likiwa zima. Kwangu mimi, panapowezekana, ya pili ni bora zaidi. Kilichokuwa mvuke hakipimiki tena, na kipande cha mwanzo huenda kilitoka upande salama ilhali saratani changa imejificha ukingo wa pili.

Joto la leza huziba mishipa midogo ya damu wakati linapokata, kwa hiyo damu hutoka kidogo na mara nyingi nyuzi hazihitajiki. Kidonda huachwa wazi, hufanya utando wa rangi ya manjano, na baada ya wiki kadhaa ngozi mpya huwa imekifunika. Kovu lake aghalabu ni laini, halivuti, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu ambaye doa lilikuwa kwenye ulimi, kwani anautegemea kusema na kumeza. Maumivu yanaweza kuchelewa, yakaja siku kadhaa baadaye. Mgonjwa aambiwe mapema asije akadhani kidonda kimeharibika.

Lakini leza huondoa kile kinachoonekana tu. Mwaka 1953 Danely Slaughter na wenzake walieleza kwamba kuzunguka saratani ya kinywa, hata nyama inayoonekana nzima huwa imeshaanza kubadilika, kwa kuwa kinywa chote kilipata sumu ileile. Ndiyo maana doa huweza kurudi palepale, au jipya kuota shavu la pili, na ndiyo maana mgonjwa hupangiwa kurudi kliniki kwa miaka, akikaguliwa kinywa kizima, chini ya ulimi kukiwemo.