Je, wajua kwa nini miti ya Venice huoza majini lakini haiozi ndani ya tope?

Ukipanda boti ya abiria kutoka Venice kwenda visiwa vya Murano na Burano, utapita kati ya safu za magogo yaliyosimikwa majini, mengi matatumatatu na vichwa vimefungwa pamoja. Wenyeji huyaita bricole, na kazi yake ni kuonyesha mkondo wenye kina cha kutosha. Yaangalie maji yakiwa yamepwa. Juu gogo ni zima, chini linapozama topeni ni zima, ila pale maji yanapopanda na kushuka kila siku limeliwa mpaka likabaki kiuno chembamba. Gogo la mwaloni hufikia hali hiyo katika miaka 10 hadi 20 tu. Lakini mji ulioachwa nyuma ya boti, pamoja na makanisa yake, majumba ya mawe na mnara wa San Marco wenye karibu mita 99, nao umesimama juu ya miti, na mingi ina umri wa karne kadhaa. Miti ni ileile, bahari ni ileile, mbona huku imedumu na kule haidumu?

Tuanze na mahali penyewe. Venice haikujengwa katikati ya bahari kuu, wala haielei. Iko ndani ya laguna, yaani bahari ya kina kifupi yenye ukubwa wa kilomita za mraba 550 hivi, iliyotengwa na Bahari ya Adriatiki kwa visiwa virefu vyembamba vya mchanga. Maji huingia na kutoka kwa milango mitatu: Lido, Malamocco na Chioggia. Ndani yake kulikuwa na visiwa vidogo vya tope, na mji wa leo umeunganisha 118 kwa madaraja zaidi ya 400. Tope hilo la juu ni laini mno kubeba ukuta wa matofali. Chini yake kuna mchanga, na sehemu nyingine kuna tabaka la udongo wa mfinyanzi uliokazana, uitwao caranto.

Mafundi walizingira eneo, wakakumba maji, kisha wakapigilia miti wima topeni. Si nguzo ndefu kama wengi wanavyodhani. Mingi ilikuwa na urefu wa mita 1 hadi 3.5 tu, ya mwaloni, msonobari na miti mingine iliyoelea mitoni kutoka milimani. Walibanana kuzunguka gogo zito lenye vishikio, wakiliinua na kuliachia kwa pamoja, huku wakiimba ili mapigo yasipishane. Miti ilisongamanishwa, mara nyingi kama 9 kwa kila mita moja ya mraba. Mingi haikufika hata kwenye udongo mgumu. Hilo halikuharibu kitu, kwa sababu mti ukiingia kwa nguvu hulisukuma tope pembeni na kulikandamiza, na msuguano kati ya tope na ubao ndio unaobeba mzigo. Juu ya vichwa vya miti walilaza mbao nene, juu ya mbao wakapanga mawe ya chokaa kutoka Istria, ng'ambo ya Adriatiki, na ndipo matofali yakaanza.

Hesabu zake zinashangaza. Daraja la Rialto la mawe, lililojengwa kati ya 1588 na 1591, linasemekana kukalia miti kama 12,000. Kanisa la Santa Maria della Salute, lililoanza kujengwa 1631 kutokana na tauni, linatajwa kuwa na zaidi ya milioni moja. Mnara wa San Marco ulipoporomoka Julai 1902, msingi wake wa miti ulikutwa bado mzima. Wajenzi wakauongezea miti mingine, wakasimamisha mnara upya juu yake, ukafunguliwa 1912.

Siri yenyewe ni hewa. Kuvu wanaoozesha mbao wanahitaji maji na oksijeni kwa pamoja. Ndani ya tope lililoshiba maji oksijeni karibu haipo, kwa hiyo kuvu hawaishi. Viumbe wanaokula bricole nao hawawezi kuishi bila hewa. Mwenye lawama mkubwa ni teredo, ambaye watu humwita mnyoo kwa umbo lake, ingawa kwa ukoo ni ndugu wa chaza. Huingia akiwa mdogo kupitia tundu linaloweza kuzibwa na kichwa cha pini, kisha hukua ndani na kutafuna mti kwa urefu, hivyo kwa nje gogo laweza kuonekana zima kumbe ndani ni mashimo matupu. Anataka maji ya chumvi yenye hewa, na topeni hawezi kuishi. Mafundi wa majahazi wa pwani yetu wanamfahamu mdudu wa namna hiyo vizuri. Ndiyo maana chombo kilipandishwa ufukweni kila baada ya muda, kikapakwa deheni ya chokaa na mafuta. Gogo lililosimama majini Venice halina wa kulipaka deheni.

Usiamini, hata hivyo, ile hadithi inayorudiwa na waongoza watalii kwamba miti hiyo imegeuka jiwe. Haijageuka. Wapo bakteria wanaoweza kuishi pasipo oksijeni, nao huila polepole sana, kwa hiyo mti uliochimbuliwa mara nyingi huwa laini upande wa nje. Unaodumu ni muungano wa vitu vitatu: ubao, maji yaliyoujaza na tope linaloubana. Ukitoa kimojawapo, msingi unaharibika. Kwa sababu hiyo mfereji unapokaushwa kwa matengenezo, kazi haicheleweshwi, na mawimbi ya boti ziendazo kasi ni adui halisi: huchimba tope kando ya ukuta na kufunua mbao zilizofichika kwa karne nyingi. Boti zimewekewa kikomo cha mwendo mifereji yote, na tangu Agosti 2021 meli kubwa za kitalii zimekatazwa kupita mbele ya San Marco.

Kwa kweli kinachouma Venice leo si miti, ni matofali. Simama ukingoni mwa mfereji wowote mdogo uangalie ukuta kwa karibu. Utaona mstari wa kijani wa mwani, juu yake jiwe jeupe la Istria, kisha matofali. Jiwe la Istria ni zito na halinyonyi maji kirahisi, hivyo liliwekwa makusudi mahali maji yanapofikia. Lakini bahari imepanda, na ardhi nayo imeshuka, hasa pale viwanda vya Porto Marghera vilipovuta maji ya visima kwa wingi mpaka miaka ya 1970 vilipozuiwa. Siku hizi maji yanalipita jiwe. Matofali huyanyonya, maji yakikauka chumvi hubaki na kuganda kuwa fuwele, nazo zikitanuka hupasua tofali kutoka ndani. Lipu inayodondoka kwa mabamba kimo cha mtu mzima kutoka chini ndiyo dalili yake.

Hapa mgeni anahitaji kujua habari za maji kujaa na kupwa. Kimo hupimwa kutoka alama iliyowekwa 1897 penye ncha ya Salute. Yakifika sentimita 80 na ushee, uwanja wa San Marco huanza kulowa, kwa kuwa ndio ulio chini zaidi, na mara nyingi maji huanza kwa kupanda kupitia matundu ya mifereji ya mvua. Bamvua peke yake haileti mafuriko makubwa. Hatari ni bamvua ikikutana na upepo wa sirocco, unaovuma kutoka kusini-mashariki na kuyasukuma maji ya Adriatiki mpaka kwenye pembe yake ya kaskazini, kunako Venice. Tarehe 4 Novemba 1966 yalifika sentimita 194. Tarehe 12 Novemba 2019 yakafika 187. Tangu Oktoba 2020 kuna kizuizi kiitwacho MOSE: milango 78 ya chuma, rangi ya njano, iliyolala chini ya bahari kwenye ile milango mitatu ya laguna. Ikilala imejaa maji. Hewa ya shinikizo ikipigwa ndani, maji hutoka, nayo huinuka yenyewe kwenye bawaba. Kwa kawaida huinuliwa utabiri unaposema 110 na zaidi. Kwa hiyo utabiri wa 100 ni siku ya kawaida kwa serikali ya mji na siku ya viatu kulowa kwako. Angalia utabiri wa maji wa manispaa usiku wa kuamkia matembezi, hasa kati ya Oktoba na Januari. Pia kumbuka kwamba maji hayakai kutwa: baada ya muda wa saa tatu au nne kawaida huwa yameondoka.

Ukitaka kuwaonyesha watoto haya yote kwa siku moja, safari ya visiwa vya kaskazini inatosha. Boti namba 12 hutoka Fondamente Nove, hupitia Murano kituo cha Faro, kisha Mazzorbo na Burano. Murano ni dakika 10 hivi, Burano kama 45. Wengi huenda Murano kwanza, wakalazimika kuingia boti ya Burano ikiwa imeshajaa saa nne au tano asubuhi. Afadhali uanzie mwisho: ondoka mapema, nenda hadi Burano moja kwa moja, kisha rudi ukisimama njiani. Boti ikiwa imefurika, shuka Mazzorbo, kituo kimoja kabla, uvuke daraja la miguu kuingia Burano.

Kisiwa cha kutorukwa ni Torcello, dakika chache tu kutoka Burano, ingawa wengi hukiruka. Kanisa lake la Santa Maria Assunta lilianzishwa 639, na ukuta wake wa magharibi umejaa picha ya Siku ya Kiyama iliyotengenezwa kwa vipande vidogo vya kioo. Zamani Torcello ulikuwa mji wa maelfu ya watu, uliotangulia Venice kwa utajiri. Leo wakazi wake ni wachache kiasi cha kuhesabika kwa majina. Mito ilileta matope, mikondo ikajaa, maji yakatuama, malaria ikaingia, watu wakahama na kubeba hata mawe ya nyumba zao. Venice ililiona hilo na haikungoja zamu yake: kwa karne kadhaa ilichimba njia mpya kuihamisha mito kama Brenta, Piave na Sile ili ikamwage matope yake nje ya laguna. Kutoka kituo cha boti hadi kanisani ni mwendo wa dakika 10 kando ya mfereji, tambarare, na kigari cha mtoto kinapita bila shida.

Murano ndiko serikali ya Venice ilikohamishia tanuri za kioo mwaka 1291, kwa kuhofia moto. Shanga za Venice zilifika Zanzibar kwa wingi katika karne ya 19, zikabebwa na misafara hadi Tabora na Ujiji. Ukiangalia fundi akifanya kazi, mfuate baada ya makofi ya watazamaji: kitu kilichokamilika hakiwekwi mezani, huingizwa katika tanuri la pili lenye joto la nyuzi 500 hivi na kupozwa polepole kwa saa nyingi. Kioo kikipoa haraka, nje hukaza kabla ya ndani, na kitapasuka chenyewe siku moja rafuni. Tanuri nyingi hupumzika wikendi na Agosti. Mapambo ya bei ya pipi yaliyojaa vibanda vya San Marco hayakutoka huku. Tafuta kibandiko cha Vetro Artistico Murano.

Kuhusu pesa, mwaka 2025 tiketi moja ya boti ya umma ilikuwa yuro 9.50 kwa dakika 75, ya saa 24 ilikuwa 25. Watoto chini ya miaka 6 hawalipi. Kwa mzunguko wa visiwa tiketi ya saa 24 ndiyo ya kununua, na lazima uigonge kwenye mashine kila unapopanda. Faini haijali kama uliilipia. Gondola mchana ni yuro 90 kwa nusu saa, na hiyo ni bei ya chombo kizima cha watu hadi watano, si ya kichwa. Familia inayotaka kuionja tu huvuka Mfereji Mkuu kwa gondola ya kivuko iitwayo traghetto kwa yuro 2 kila mtu. Ukiwa humo tazama mwili wa gondola kutoka mbele: umepinda. Upande wa kushoto umepanuliwa kwa sentimita 24 kuliko wa kulia, kwa sababu mpiga kasia ni mmoja, anasukuma upande wa kulia, na bila upinde huo chombo kingezunguka palepale.

Kuna pia ada ya kuingia mjini, iliyoanza Aprili 2024, kwa wanaokuja na kurudi siku hiyohiyo katika siku zilizotangazwa za msongamano, kati ya saa 2:30 asubuhi na saa 10 jioni. Kwa 2025 ilikuwa yuro 5 ukilipa mapema na 10 ukichelewa. Watoto chini ya miaka 14 wamesamehewa. Anayelala hotelini ndani ya manispaa halipi, lakini anatakiwa ajiandikishe kwenye tovuti apate msimbo wa msamaha, na hapo ndipo wageni wengi hukwama wakidhani risiti ya hoteli inatosha.