Kabati jipya halitapanga nyumba yako

Napanga nyumba za watu hapa Mtwara, na kauli moja imenichosha: "Mimi vitu vyangu si vingi, ila sina kabati." Minada ya korosho ikianza Oktoba, pesa ikishaingia, mtu huyo kwa seremala, kaagiza kabati la milango minne. Halijamaliza miezi mitatu ananiita. Limejaa, na viroba bado viko uvunguni.

Kabati halipunguzi kitu. Niliwahi kufungua moja kule Shangani likamwaga chaja za simu zilizokufa zamani, mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku tangu Juni 2019, mabeseni ya zawadi yenye lebo zake, na chini kabisa doti za kanga, nzuri, zimeota ukungu. Hapo ndipo ninapokasirika. Hilo kabati linaletwa karibu na mvua zetu, Desemba mpaka Aprili, linabandikwa ukutani, nguo zinashindiliwa humo bila hewa, na pwani hii yenye unyevu tunaijua. Livute mbele: mchwa wameshajenga njia nyuma.

Anza kwa kutoa. Tandika mkeka uani asubuhi ya jua, mwaga vyote. Vya kugawa, kuuza na kutupa viondoke siku hiyohiyo. Vikilala hapo, kesho vimerudi ndani. Kilichobaki ndicho ukipimie kabati. Wengi wakifika hapo hawalihitaji tena. Ukilihitaji, mwambie seremala aliwekee miguu, na uliache mbali kidogo na ukuta.

Kauli nyingine ninazozisikia nitazipitia haraka. "Kitafaa siku moja": redio iliyokufa tangu msimu wa juzi ipeleke kwa fundi wiki hii, au uachane nayo. "Watoto ndio wanaovuruga": mtoto wa miaka mitano hakuliburuta jenereta bovu hadi sebuleni, baba.

"Salfa ilale chumbani, nje wataiiba." Hili silifanyii mzaha. Salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, inashika moto, na vumbi lake linawasha macho na kifua. Itafutie stoo yenye kufuli, mbali na jiko na mnapolala.

Halafu wapo wanaodhani nikija natupa kila kitu. Karatasi za AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), hati ya kiwanja na vyeti vya watoto sivigusi bila mwenyewe. Naviweka kwenye faili moja, juu, mbali na sakafu, na nyumba nzima inaonyeshwa lilipo.