Kinamasi si ardhi iliyolala: dhana potofu kuhusu kanuni za kulinda maziwa

"Pale ni mbu na matope tu. Bora pafukiwe, pajengwe."

Dhana hii imeangamiza vinamasi vingi. Ardhioevu haijalala hata siku moja. Mvua kubwa ikinyesha, huyapokea maji na kuyaachia polepole. Mizizi ya matete na mafunjo hunasa tope kabla halijafika ziwani, na ndani ya matope yasiyo na oksijeni wamo bakteria wanaoigeuza naitrati, kirutubisho kilichomo kwenye mbolea, kuwa gesi ya naitrojeni, ikarudi hewani. Ukimwaga kifusi hapo, maji hayatoweki. Yataingia kwa jirani. Ndiyo maana kanuni nyingi huanza kwa kukataza kufukia, kabla hata hazijagusa ujenzi.

"Wachafuzi ni viwanda, si sisi."

Viwanda vinachafua, hilo halina ubishi. Lakini mbolea ya shambani, kinyesi cha mifugo, sabuni zenye fosfeti na vyoo vya shimo vilivyochimbwa karibu mno na maji vyote hupeleka ziwani fosforasi, kirutubisho kinachostawisha mwani. Mwaka 1973, huko Ontario nchini Kanada, watafiti walikata Ziwa 226, ziwa dogo la majaribio, vipande viwili kwa pazia. Upande mmoja waliutilia kaboni na naitrojeni. Wa pili wakauongezea fosforasi. Huo wa pili ukageuka kijani kibichi kwa mwani, na picha yake iliyopigwa kutoka angani ikawa hoja nzito ya kubana fosfeti kwenye sabuni.

Ukijani huo unaweza kuwa sumu. Agosti 2014 wakazi wa Toledo, Marekani, waliambiwa wasinywe maji ya bomba yaliyotoka Ziwa Erie, wala wasiyachemshe, kwa sababu kuchemsha hakuondoi sumu hiyo. Sehemu kubwa ya fosforasi ya eneo lile ilitoka mashambani. Kila shamba lilitoa kidogo chake; ziwa lilipokea jumla.

"Nina hati, hiki ni kiwanja changu."

Ni chako, na masharti yake pia ni yako. Kanuni ya umbali kutoka ukingoni haikunyang'anyi ardhi. Inakuambia nyumba, choo na shamba viishie wapi. Maji yanayotiririka kutoka kwako hayajui mpaka.

"Nimefyeka matete ili ufukwe uwe safi."

Umeng'oa chujio. Mawimbi sasa yatakula ukingo, na samaki wadogo hawana pa kujificha.

"Ziwa hili limeshakufa, kanuni za nini tena?"

Hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa kuwa mfano wa kinyume upo. Ziwa Washington, kando ya Seattle nchini Marekani, lilikuwa likipokea majitaka yaliyosafishwa ya miji iliyolizunguka. Mwaka 1958 wapiga kura wa eneo hilo waliidhinisha mamlaka ya pamoja ya majitaka, na kati ya 1963 na 1968 mabomba yakahamishwa yasimwage tena ziwani. Mwanzoni mwa kazi hiyo hukuweza kuona hata mita 1 chini ya maji wakati wa kiangazi. Miaka michache baada ya bomba la mwisho, mwonekano ulifika mita 3.

Si kila ziwa hupona haraka hivyo. Ziwa lenye kina kifupi huweka akiba ya fosforasi katika tope lake, na oksijeni ikipungua chini, tope hulirudishia maji fosforasi hiyo kwa miaka mingi baada ya bomba kufungwa.