Je, Wajua Kwa Nini Mhindi Anayekwenda Nje Mara ya Kwanza Huanza na Viza, Si Ramani?

Familia ya Pune, Chennai au Ahmedabad inapokaa kupanga safari yake ya kwanza nje ya India, swali linalotangulia huwa si "tukaone nini?" Huwa ni "nani atatupa viza?" Mtu ameitamani Paris tangu utotoni, pesa anazo, likizo ameshapewa, na bado anaishia kukata tiketi ya Bangkok. Ni rahisi kudhani amefuata bei tu. Kumbe amepiga hesabu, na hesabu hiyo msomaji mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda ataielewa bila kuchorewa picha.

Katika orodha zinazopanga pasipoti kwa idadi ya nchi unazoingia bila kuomba viza mapema, India hucheza karibu na nafasi ya 80 duniani. Karibu nchi zote tajiri humtaka Mhindi aombe kwanza, na ofisa anayepitia ombi lake ana wasiwasi mmoja mkubwa: je, huyu atarudi kwao? Mihuri ya nchi alizowahi kuingia na kutoka kwa wakati ni jibu zuri sana la swali hilo, na ndiyo hasa asiyokuwa nayo mtu ambaye hajawahi kutoka. Hali yake ni kama ya mwombaji mkopo ambaye hajawahi kukopa popote: huenda ni mwaminifu kabisa, ila hakuna karatasi inayomshuhudia. Hakuna sheria inayosema pasipoti tupu ikataliwe, na wapo wanaopata viza ya Ufaransa au Uingereza kwa mara ya kwanza. Lakini wengi hawapendi kuiweka safari ya ndoto yao rehani. Wanakwenda kwanza kunakofikika, wanarudi kwa siku waliyosema, ndipo wanaomba kule wanakokutamani.

Historia ya safari huhesabika hata kwenye kanuni zilizoandikwa. Aprili 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha utaratibu maalumu kwa Wahindi wanaoishi India: aliyepata viza mbili za Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na kuzitumia kihalali ndani ya miaka mitatu anaweza kupewa ya kuingia na kutoka kwa miaka miwili, na baadaye ya miaka mitano. Marekani nayo humpa Mhindi aliyefaulu viza ya utalii ya miaka 10, na viza hiyo ikiwa hai hufungua milango mingine, kwa mfano Mexico na Georgia. Mlango mmoja ukikubali, ya pili na ya tatu hulegea.

Inafaa kukumbuka kwamba hata kuipata hiyo pasipoti hakukuwa haki ya kila raia India huru ilipoanza. Serikali iliitoa na kuinyang'anya kwa hiari yake. Mwaka 1967 mfanyabiashara aitwaye Satwant Singh Sawhney, aliyekuwa ameamriwa kuirudisha yake, aliipeleka serikali Mahakama ya Juu ya India. Majaji watatu kati ya watano walikubaliana naye kwamba kwenda nje ya nchi ni sehemu ya uhuru wa mtu unaolindwa na katiba. Bunge likalazimika kutunga Sheria ya Pasipoti mwaka huohuo. Mimi nauona uamuzi ule kuwa mmoja wa mikubwa katika historia ya msafiri wa kawaida wa India, ingawa wanaofaidika nao leo hawalijui hata jina la mtu yule. Siku hizi pasipoti ya kurasa 36 inayodumu miaka 10 huombwa kwa rupia 1,500, na polisi huhakiki makazi na rekodi ya mwombaji. Aliyepanga vizuri huianza kazi hii miezi mingi kabla, kwa kuwa nchi nyingi hazimpokei mgeni ambaye pasipoti yake imebakiza chini ya miezi sita.

Basi ni wapi kunakofikika? Nepal na Bhutan ziko jirani, na Mhindi huingia bila viza, hata kwa kitambulisho chake cha mpiga kura. Kwa Nepal hilo linatokana na mkataba wa urafiki wa mwaka 1950. Bhutan humtoza Mhindi rupia 1,200 kwa kila usiku, wakati wageni wa mbali hulipa dola 100. Ni nchi nzuri mno, ila aliyeingia kwa kitambulisho cha kura anarudi na pasipoti tupu vilevile, kwa hiyo anayejenga historia huangalia kwingine. Maldives humpa kila mgeni kibali cha siku 30 bure anapotua, Mauritius haimdai viza, na Sri Lanka huomba tu kibali cha mtandaoni. Mwaka 2023 Thailand iliondoa sharti la viza kwa Wahindi mwezi Novemba, Malaysia ikafuata Desemba. Kenya, tangu Januari 2024, imebadilisha viza kwa kibali cha mtandaoni.

Milango hii hufunguliwa na kufungwa. Iran iliwaondolea Wahindi viza Februari 2024, lakini Novemba 2025 ikairudisha, baada ya matapeli kuitumia njia hiyo kuwavuta vijana waliokuwa wakitafuta kazi na kisha kuwateka. Kwa hiyo habari ya kusikia kwa binamu aliyesafiri mwaka juzi haitoshi. Tovuti ya ubalozi husomwa wiki ileile ya kukata tiketi. Na tiketi yenyewe huangaliwa njia inayopita. Ya bei nafuu kupitia London inaweza kumdai Mhindi viza ya kupitia tu, hata asipokanyaga nje ya uwanja wa ndege.

Anayekwenda Ulaya ana kazi zaidi. Huomba kwa nchi atakayolala siku nyingi zaidi, si mapema kuliko miezi sita wala chini ya siku 15 kabla ya safari. Hulipa euro 90, ambazo hazirudi hata akinyimwa. Huambatisha bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, taarifa za benki, marejesho ya kodi ya mapato, barua ya mwajiri inayothibitisha likizo, na mpango wa safari siku kwa siku. Karatasi zote hizi zinasema neno moja: nina cha kunirudisha nyumbani. Ndiyo maana pesa nyingi zilizoingizwa benki ghafla wiki moja kabla ya maombi humharibia mtu badala ya kumsaidia, kwani ofisa anatafuta mwendo wa maisha ya kawaida na amezoea kuona akaunti zilizopambwa.

Alama za vidole na makaratasi hayo hupokewa na kampuni binafsi kwa niaba ya balozi. Mfumo huu, unaotumika sasa hata Dar es Salaam na Nairobi, una asili yake India kwenyewe: VFS Global ilianzishwa Mumbai mwaka 2001, na mteja wake wa kwanza alikuwa ubalozi wa Marekani. Foleni za maombi India zilikuwa kubwa kiasi kwamba ziliumba biashara ya dunia nzima. Baada ya janga la Uviko, mwombaji wa kwanza wa viza ya utalii ya Marekani katika baadhi ya miji ya India aliambiwa asubiri usaili kwa zaidi ya siku 500. Familia zilikosa mahafali ya watoto wao, na wazazi hawakuwahi kuwaona wajukuu wakiwa wachanga. Nikisikia mtu akisema viza ni utaratibu tu wa kiofisi, huwafikiria watu hao.

Kuna tatizo jingine ambalo wageni hawalijui kabisa: jina. Kusini mwa India, hasa Tamil Nadu, watu wengi hawana jina la ukoo. Mtu ana jina lake mwenyewe, na mbele yake huwekwa jina la baba au herufi yake ya kwanza. Bingwa wa zamani wa dunia wa sataranji, Viswanathan Anand, ni mfano unaojulikana: jina lake ni Anand, Viswanathan ni baba yake. Fomu za dunia hazikuandikwa zikiwafikiria watu kama yeye. Mwenye jina moja tu kwenye pasipoti, Marekani humwekea herufi FNU mahali pa jina la kwanza, kumaanisha kwamba jina hilo halijulikani. Novemba 2022 Falme za Kiarabu zilitangaza kuwa anayekuja kwa viza ya utalii na pasipoti yenye jina moja hataruhusiwa kuingia. Kwa hiyo wakala mwenye uzoefu Chennai huanza kwa kufungua pasipoti ya mteja na kuangalia kama nafasi ya jina la ukoo imejazwa, na kama tiketi inafuata maandishi hayo herufi kwa herufi.

Kwenye pesa nako kuna sheria zake. Wengi waliotoka India miaka ya 1960 na 1970 husimulia kwamba waliruhusiwa dola 8 tu mfukoni, kwa sababu nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Mwaka 2004 benki kuu ilimruhusu mkazi kupeleka nje hadi dola 25,000 kwa mwaka, na sasa kikomo ni dola 250,000. Noti za kubeba mkononi kwa kawaida hazizidi dola 3,000 kwa safari. Zinazobaki huwekwa kwenye kadi inayojazwa fedha za kigeni kabla ya kuondoka. Kinachomshangaza anayesafiri mara ya kwanza ni kwamba tangu Oktoba 2020 serikali hukata kodi ya awali kwenye bei ya safari ya kifurushi ya nje. Kodi hiyo huhesabiwa baadaye kwenye marejesho ya mwaka, lakini siku ya kulipa lazima iwepo, na bajeti iliyopigwa bila kuikumbuka hupasuka. Nepal, Bhutan, Sri Lanka na Mauritius zina nafuu nyingine: maduka kadhaa huko hupokea malipo ya simu ya UPI yaleyale anayotumia kununulia mboga nyumbani.

Na sasa chakula, ambacho nadhani kinastahili heshima kuliko kinachopewa. Mhindi anapojaza begi mikate myembamba ya Kigujarati iitwayo thepla na khakhra, achari na mchanganyiko mkavu wa kupika upma, uji mzito wa semolina, wapo wanaomcheka. Lakini mamilioni ya Wahindi hawali nyama wala samaki kwa imani, na wengi hawali hata mayai. Wajaini, wafuasi wa dini moja ya kale ya India, hawali viazi, vitunguu wala kitunguu saumu, na wengi wao hawali chochote jua likishazama. Mtu huyo akifika mji ambao supu ya mboga hupikwa kwa mchuzi wa mifupa, atalala na njaa. Gandhi alipofika London mwaka 1888, kijana aliyemwahidi mama yake kwamba hatagusa nyama, alishinda na njaa siku nyingi hadi alipoukuta mgahawa wa wasiokula nyama mtaa wa Farringdon. Leo maandalizi ni rahisi zaidi. Mashirika mengi ya ndege hupokea oda ya chakula cha Kijaini kwa alama VJML na cha mboga cha Kihindi kwa AVML, mradi uagize angalau siku moja kabla. Kampuni za Mumbai zimekuwa zikiwapeleka watalii Ulaya pamoja na wapishi wao. Jungfraujoch, kituo cha reli kwenye milima ya Uswisi chenye mwinuko wa mita 3,454, pana mgahawa wa Kihindi, na chini yake Interlaken imesimama tangu 2016 sanamu ya mtayarishaji filamu Yash Chopra, aliyewafundisha Wahindi kuiota milima hiyo. Kwetu Nairobi, Mombasa na Dar, mgeni huyo hana shida: migahawa ya Wagujarati ipo tangu enzi za mababu.

Si kila kitu cha jikoni husafiri, lakini. Achari haiingii kwenye begi la mkononi. Mbata, ambayo wengi hubeba kwa ajili ya ibada, imekatazwa kwenye ndege kwa sababu mafuta yake huwaka upesi. Mbegu za khaskhas, yaani za mmea unaotoa afyuni, ambazo Wabengali huzipenda kwenye mchuzi, Dubai huhesabiwa kuwa dawa za kulevya, na aliyezibeba bila kujua anaweza kujikuta mikononi mwa polisi.

Anayechagua Kenya au Uganda, akaone nyumbu wa Maasai Mara au gorila wa Bwindi, ana karatasi moja zaidi, na hii inadaiwa na India yenyewe. Anayerudi kutoka nchi zenye homa ya manjano lazima awe na cheti cha chanjo. Asipokuwa nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita baada ya kutua Delhi au Mumbai. Chanjo hutolewa kwenye vituo vilivyoidhinishwa tu, na cheti huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Tangu Julai 2016 kinatambuliwa kwa maisha yote, kwa hiyo aliyechanjwa kwa safari hii hatarudia kwa ijayo.